Ekseli imeingia, breki je?

Kubadilisha ekseli ya nyuma ya gari kuukuu ni kazi ya jeki, nyundo na misuli. Lakini usalama wa gari hilo huamuliwa na bomba jembamba kuliko penseli, na mara nyingi bomba hilo ndilo hubakizwa kuwa kazi ya mwisho, jioni, mteja akiwa ameshafika.

Na Mwandishi Wetu, Arusha

LAND ROVER 110 imeinuliwa juu ya magogo katika gereji ya wazi eneo la Unga Limited. Ekseli yake ya zamani, yenye breki za ngoma, imelazwa pembeni. Gia za difu zimesagika, na mafuta yaliyomwagwa yalitoka na vipande vya chuma.

Ekseli nyingine imeshapandishwa. Imetoka kwenye Defender iliyokatwa kwa ajili ya spea, na yenyewe ina breki za diski. Boliti zimekazwa na propela imefungwa. Kwa mwenye gari anayetazama kwa mbali, kazi imekwisha.

Haijakwisha. Mabomba ya breki ya ile ekseli ya zamani yalikatwa kwa msumeno wakati wa kuishusha, kwa sababu nati zake zilishika kutu. Fundi anachukua bomba jingine kutoka kwenye lundo la spea na kuliingiza kwenye kiungo cha njia tatu kilicho juu ya ekseli. Nati inaingia kirahisi, tena kirahisi mno. Ukiishika kwa vidole, inacheza.

Hapo fundi ana njia tatu. Anaweza kuzungushia nyuzi tepu nyeupe ya mafundi bomba na kukaza kwa nguvu. Anaweza kuziba mstari mzima wa nyuma, gari likaondoka na breki za mbele peke yake. Au anaweza kutengeneza mabomba mapya yanayolingana na ekseli iliyopo.

Njia mbili za kwanza humaliza kazi leo. Ya tatu inahitaji bomba jipya, nati sahihi, kifaa cha kupanua midomo ya bomba, na mteja anayekubali kusubiri.

Magari yasiyostaafu

Arusha ni mahali pazuri pa kuuliza fundi achague njia ipi. Land Rover ya kwanza ilioneshwa hadharani Amsterdam Aprili 1948, na Defender ya mwisho ya umbo lile la zamani ilitoka kwenye kiwanda cha Solihull, Uingereza, Januari 29, 2016. Kati ya tarehe hizo mbili, Tanzania ilipokea Land Rover za polisi, za misheni, za mashamba, za miradi ya maji na za utalii. Nyingi bado zinatembea. Oktoba 2024 jiji hili liliandaa tamasha la magari hayo, na misururu yake ikajaza barabara.

Gari la namna hii haliishi kwa sababu kila kipuri chake ni kizima. Linaishi kwa sababu vipuri vyake hubadilishwa. Injini ya Kijapani huingia kwenye bodi ya Kiingereza, na giaboksi ya mwaka huu ikakutana na transfa ya miaka 30 iliyopita. Ekseli ya nyuma nayo hubadilishwa gia zikisagika, shafti ikikatika, nyumba ya difu ikipasuka, au mwenye gari akitaka kuhama kutoka ngoma kwenda diski.

Si Land Rover peke yake. Toyota Hilux na Land Cruiser za zamani hupitia mkono huo huo, na spea zilizotumika hazikosekani. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, iliyotolewa mwaka 2020, ilionesha kwamba kati ya 2015 na 2018 magari madogo yaliyotumika yapatayo milioni 14 yaliuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine. Afrika ilipokea mengi kuliko bara jingine lolote, asilimia 40.

Magari hayo yakizeeka huku, ndiyo yanayokuwa ghala la spea kwa mengine. Kwa hiyo ekseli ya kununua itapatikana. Shida ni kwamba ekseli huuzwa peke yake, ilhali breki zake zilitengenezwa zikae na gari zima.

Presha iliyomo ndani ya bomba

Breki za mafuta si teknolojia ya jana. Mmarekani Malcolm Loughead, ambaye jina lake lilikuja kuandikwa Lockheed, alipata hataza yake mwaka 1917, na Duesenberg ya mwaka 1921 ikawa miongoni mwa magari ya kwanza kuuzwa yakiwa na breki hizo kwenye magurudumu yote manne. Kanuni haijabadilika tangu hapo. Mguu unasukuma pistoni ya masta silinda, pistoni inasukuma mafuta, na mafuta yanasukuma pistoni nyingine zilizo kwenye magurudumu.

Mafuta hayabonyei. Ndiyo maana nguvu ya mguu hufika nyuma ya gari papo hapo, ikipita kwenye bomba ambalo kwa magari mengi madogo lina kipenyo cha milimita 4.75, yaani inchi 3/16.

Dereva akikanyaga breki kwa nguvu zake zote, presha ndani ya bomba hilo inaweza kupita psi 1,000. Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa psi 30 hadi 40. Kiungo cha breki, kwa hiyo, hustahimili presha zaidi ya mara 25 ya ile iliyo ndani ya tairi, na hufanya hivyo huku ekseli ikirukaruka kwenye mashimo.

> Tepu ya bomba la maji haizuii mafuta ya breki. Kinachozuia ni mdomo wa bomba kubanwa chuma kwa chuma.

Kwa sababu hiyo tepu ya mafundi bomba haina kazi hapa. Kwenye bomba la maji, nyuzi zenyewe ndizo zinazoziba, na tepu huzisaidia. Kwenye breki, nyuzi kazi yake ni kusukuma tu. Kinachoziba ni mdomo wa bomba uliopanuliwa, ukikandamizwa na nati kwenye kitako chake. Mdomo ukiwa na ufa, tepu hata iwe roli nzima haitaokoa kitu, na vipande vyake vikimeguka huweza kusafiri na mafuta hadi kuziba tundu dogo mahali pengine.

Nyuzi zinazodanganya mkono

Ile nati iliyoingia kirahisi ina sababu yake. Land Rover za zamani zilitumia nati za inchi, na inayokutwa mara nyingi kwenye bomba la 3/16 ni ya inchi 3/8 yenye nyuzi 24 kwa inchi. Za baadaye zilihamia kwenye milimita, nati ya milimita 10 yenye hatua ya milimita 1 kati ya uzi na uzi. Toyota na magari mengi ya Kijapani nayo hutumia hiyo ya milimita 10.

Piga hesabu. Inchi 3/8 ni milimita 9.525. Hatua ya nyuzi zake ni milimita 1.058. Tofauti ya kipenyo haifiki hata nusu milimita, na tofauti ya hatua haionekani kwa macho.

Ndipo mtego ulipo. Nati ya inchi 3/8 huingia kwenye tundu la milimita 10, ikashika ncha tu za nyuzi. Ikikazwa inaweza kuonekana imeshika, na breki zikakubali gari likiwa limesimama. Siku dereva atakapokanyaga kwa hofu, nyuzi zile zinaweza kung'oka. Kinyume chake, nati ya milimita 10 ikilazimishwa kwenye tundu la inchi 3/8, huanza kwa ugumu na kuishia kuharibu nyuzi za kiungo.

Kujua mwaka wa gari hakutoshi. Kiwanda kilihama kutoka inchi kwenda milimita taratibu, na gari la miaka 40 limepita kwenye mikono mingi. Silinda moja inaweza kuwa ya milimita na kiungo kinachofuata kikawa cha inchi. Dawa ni kupima kila nati kwa kipima nyuzi na kaliba, si kwa jicho wala kwa mazoea. Nati sahihi huingia kwa vidole hadi karibu na mwisho bila kucheza, ndipo spana ikamalizia.

Na spana yenyewe ina kipimo. Miongozo ya ufundi ya Toyota hutaja Nyutoni-mita 15 kwa nati ya bomba la breki la ukubwa huo. Hiyo ni nguvu ndogo. Nati inayovuja baada ya kukazwa hivyo haiombi nguvu zaidi, bali inaeleza kwamba mdomo wa bomba ni mbovu. Tena hufungwa kwa spana yenye mdomo unaoizunguka nati karibu yote, si kwa vaisigripu inayoila pembe.

Midomo miwili, kitako kimoja

Mtego wa pili uko kwenye ncha ya bomba. Magari ya Kijapani na ya Kimarekani kwa kawaida hutumia mdomo uliokunjwa mara mbili, wenye umbo la faneli yenye pembe ya digrii 45. Magari mengi ya Ulaya hutumia mdomo wa duara, unaofanana na kiputo. Kitako cha kila mmoja kimechongwa kwa umbo lake.

Mdomo wa faneli ukikandamizwa kwenye kitako cha kiputo, hugusana sehemu ndogo tu. Unaweza kuziba leo na kuanza kutoa jasho la mafuta baada ya safari chache. Anayefunga ekseli ya gari la Kijapani kwenye chesisi ya gari la Ulaya lazima atengeneze bomba lenye mdomo tofauti kila upande.

Kifaa cha kupanua midomo si cha ajabu, na fundi hodari hukitumia kwa dakika chache. Bomba hukatwa kwa kikatio cha gurudumu, si kwa msumeno, ili ncha ibaki wima. Ukingo wa ndani husafishwa na vumbi la chuma hupulizwa nje. Nati hutangulizwa kwenye bomba kabla ya mdomo kukunjwa, jambo ambalo kila mwanafunzi hulisahau angalau mara moja. Kisha mdomo hukunjwa, huangaliwa mwangani kama una ufa au umepinda upande, na ukiwa na kasoro hukatwa na kurudiwa.

Mdomo uliokunjwa mara moja tu hautoshi kwa breki. Chuma chembamba kikipanuliwa mara moja huelekea kupasuka kwenye ukingo, ndiyo maana kikakunjwa tena ndani.

Chuma, shaba au mchanganyiko?

Hapa mafundi hugawanyika. Wapo wanaoshikilia chuma, kwa hoja kwamba ndicho kilichotoka kiwandani na ndicho kigumu kikipigwa na mawe ya barabara za hifadhi. Wapo wanaopenda shaba kwa sababu hukunjika kwa mkono, mdomo wake hutoka vizuri hata kwa kifaa cha bei rahisi, na haishiki kutu.

Wote wana ukweli wao. Chuma kina adui mmoja, kutu, na kwa magari ya Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Zanzibar, chumvi ya bahari huharakisha kazi hiyo. Shaba tupu nayo ina tabia ya kukakamaa kadiri inavyotikiswa, mpaka siku moja ikapasuka, hasa ikiachwa ining'inie bila vishikizo. Na bomba la shaba la friji, ambalo lipo kwenye kila duka la vifaa vya ubaridi, halikutengenezwa kwa kazi ya breki hata kama kipenyo chake kinakaribiana.

Kuna njia ya kati. Aloi ya shaba na nikeli, yenye nikeli ya takriban asilimia 10, hukunjika karibu kama shaba lakini huhimili presha na mtikisiko vizuri zaidi, na haishiki kutu. Volvo ilianza kuitumia kwenye mabomba ya breki mwaka 1976. Kwa fundi anayetengeneza bomba kwa mkono juu ya ekseli ya mtumba, hilo ndilo chaguo jepesi kulitetea.

Ambacho hakina wa kukitetea ni kuunga. Bomba lililokatika katikati likaunganishwa kwa kiungo cha kubana cha mabomba ya maji au ya gesi halifai kubeba presha ya breki. Kadhalika bomba lililochomelewa.

Kuziba: dawa inayoficha ugonjwa

Ubishi mkali zaidi ni kuhusu kuziba. Kila mwenye gari kuukuu ameshasikia. Bomba la gurudumu moja hukunjwa na kupondwa kwa nyundo, au tundu lake huzibwa kwa boliti na gololi, kisha gari likatoka. Wanaotetea wana hoja ya dharura. Gari limekwama porini, spea iko Arusha au Nairobi, na abiria hawawezi kulala barabarani. Liende polepole hadi mjini.

Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama gari likifika mjini lingetengenezwa. Lakini breki iliyozibwa ina ujanja mmoja mbaya, nayo ni kwamba pedeli huwa ngumu na nzuri. Dereva hasikii tofauti kwenye mguu. Gari linasimama kwenye taa za barabarani kama kawaida. Dharura ya siku moja inageuka hali ya kudumu, gari linauzwa, na mnunuzi haambiwi.

Gharama yake huonekana mteremkoni. Kutoka ukingo wa Ngorongoro hadi sakafu ya kasoko ni kiasi cha mita 600 kwenda chini. Gari lililosheheni wageni, majokofu na mafuta ya akiba, likitegemea breki za mbele peke yake, hupeleka joto lote kwenye diski mbili au ngoma mbili.

Joto hilo hufika kwenye mafuta. Mafuta ya breki ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi joto 205, na DOT 4 kuanzia 230. Lakini mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani. Yakishanyonya, kiwango cha chini kinachokubalika hushuka hadi 140 na 155. Yakichemka huzaa mvuke, na mvuke, tofauti na mafuta, hubonyea. Pedeli huzama hadi sakafuni, na gari haliitiki.

> Breki iliyozibwa huipa pedeli ugumu mzuri. Dereva hasikii chochote hadi siku ya mteremko.

Kwa magari yenye saketi moja, hatari ni kubwa zaidi. Land Rover nyingi za mwanzo, za Series, zilitoka kiwandani hivyo, kwa maana kwamba bomba moja likipasuka popote, magurudumu yote manne hukosa breki. Marekani ilishurutisha magari madogo mapya yawe na mfumo uliogawanywa mara mbili kuanzia Januari 1968, ili upande mmoja ukifa mwingine usimamishe gari. Anayebadilisha ekseli kwenye gari la saketi moja anapaswa kujua kwamba kila kiungo anachofunga nyuma kimebeba pia breki za mbele.

Ekseli huja na wenzake

Hata mabomba yakifungwa vizuri, kazi inaweza kuwa mbovu kwa sababu ya mambo manne ambayo ekseli ya mtumba huja nayo.

La kwanza ni hozi. Chesisi imetulia, ekseli inapanda na kushuka, na kati yao kuna hozi ya mpira. Ekseli mpya ikiwa na kiungo chake sentimita chache mbali na pale cha zamani kilipokuwa, hozi fupi itavutika gari likiruka shimo. Kipimo chake ni rahisi. Inua chesisi hadi ekseli ining'inie mwisho wake, uone kama hozi bado ina ulegevu. Kisha ishushe na uone kama haisugui tairi, springi au bomba la moshi. Hozi yenyewe iwe mpya. Na wakati wa kazi, ekseli au kalipa isiachwe ining'inie kwa hozi hata kidogo, kwani mpira unaweza kupasuka kwa ndani bila nje kuonesha alama.

La pili ni ukubwa wa silinda za magurudumu. Silinda ya inchi 3/4 ikibadilishwa na ya inchi 7/8, tofauti inaonekana ndogo, lakini eneo la pistoni huongezeka kwa asilimia 36 hivi, na nguvu ya breki ya nyuma huongezeka kwa kiasi hicho hicho. Gari likifunga breki, uzito huhamia mbele na magurudumu ya nyuma huwa mepesi. Yakipewa nguvu nyingi yatajifunga mapema, na gari lililofunga magurudumu ya nyuma huelekea kuzunguka. Breki kali za nyuma si sifa.

La tatu ni vali ya mzigo. Toyota Hilux nyingi na pickup nyingine zina vali kwenye chesisi yenye fimbo inayoshuka hadi kwenye ekseli. Gari likibeba mzigo, chesisi hushuka, fimbo husogea, na vali huruhusu presha zaidi kwenda nyuma. Mwenye gari akibadilisha ekseli na fimbo ikaachwa bila kufungwa, au akinyanyua springi bila kurekebisha fimbo, vali itapokea taarifa ya uongo. Itadhani gari ni tupu hata likiwa na tani moja ya saruji.

La nne ni kuhama kutoka ngoma kwenda diski, kama ile 110 ya Unga Limited. Diski hutaka presha kubwa zaidi kuliko ngoma, na pistoni za kalipa hutaka ujazo tofauti wa mafuta. Masta silinda na busta vilivyochaguliwa kwa ajili ya ngoma vinaweza visitoshe. Anayenunua ekseli ya diski anapaswa kuuliza pia ni masta silinda gani ilikuwa inaisukuma.

Land Rover ya umbo la zamani ina jambo lake la ziada. Handibreki yake haiko kwenye magurudumu ya nyuma bali kwenye transfa, ikishika propela. Propela ya nyuma ikishafunguliwa ili ekseli itoke, handibreki haishiki tena gurudumu lolote la nyuma. Fundi anayeingia uvunguni akiwa ameitegemea anaweka maisha yake rehani. Magurudumu ya mbele yazuiwe kwa vigingi kabla ya boliti ya kwanza kulegezwa.

Nani akague?

Mafundi wa mitaani hulalamika kwamba hubeba lawama za uamuzi usio wao. Mteja amenunua ekseli kwa pesa nyingi, na akiambiwa mabomba, hozi na mafuta mapya, hudhani anaongezewa bili. Muuza spea naye huuza alichonacho. Ekseli hutolewa kwenye gari kwa kukata mabomba, kwa sababu kufungua nati zenye kutu kunachukua muda usiolipwa.

Wenye magari nao wana lao. Hawawezi kumtofautisha fundi mwenye kifaa cha midomo na mwenye nyundo, kwa kuwa wote wawili hukabidhi gari lenye pedeli ngumu.

Serikali zimejibu tatizo la magari makuukuu kwa kuangalia umri. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8. Uganda mwaka 2018 iliweka ukomo wa miaka 15. Tanzania hutumia kodi ya uchakavu. Hatua hizo hugusa gari mlangoni. Haziligusi lililokwisha kuingia, likabadilishwa ekseli gereji na kurudi barabarani siku hiyo hiyo.

Uingereza, zilikozaliwa Land Rover hizi, ilichagua kupima hali ya gari. Likishafika miaka 3, gari hukaguliwa kila mwaka, na breki kwa kawaida hupimwa gurudumu kwa gurudumu juu ya rola. Mashine hiyo haidanganywi na pedeli ngumu, kwani gurudumu lililozibwa husoma sifuri. Hata huko, tangu Mei 2018, magari yenye zaidi ya miaka 40 yameondolewa kwenye sharti hilo mradi hayajabadilishwa kwa kiasi kikubwa, na wenye nayo bado wanawajibika kuyaweka salama.

Kwetu Kikosi cha Usalama Barabarani hukagua magari, na Wiki ya Nenda kwa Usalama huja na stika zake. Ukaguzi wa macho huona taa, matairi na mikanda. Hauoni nati ya inchi iliyofungwa kwenye tundu la milimita. Mashine za rola katika kila mkoa zingesaidia, hasa kwa magari ya abiria na ya watalii. Mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, VETA, nayo ina mpango wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini, na kupima nyuzi na kukunja midomo ya bomba kunastahili kuwa sehemu ya mtihani wa fundi magari yeyote anayetaka cheti hicho.

Kabla gari halijashushwa

Anayebadilisha ekseli ya nyuma, awe fundi au mwenye gari, ahakikishe haya:

• Mabomba ya juu ya ekseli ni mapya, hayakuungwa, na yamebanwa kwa vishikizo.

• Kila nati imepimwa nyuzi na imeingia kwa vidole kabla ya spana.

• Umbo la mdomo linalingana na kitako chake kila upande.

• Hozi ni mpya, na imejaribiwa ekseli ikiwa imening'inia na ikiwa imebanwa.

• Mafuta ya breki ni mapya, kutoka kopo lililofunguliwa siku hiyo, ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha tangi lake. Mafuta ya giaboksi au ya hidroliki huvimbisha mipira ya silinda.

• Upepo umetolewa kuanzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, ambalo kwa magari mengi ya usukani wa kulia ni la nyuma kushoto, hadi mapovu yaishe.

• Pedeli imekanyagwa kwa nguvu na kushikiliwa kwa dakika kadhaa injini ikiwa imewashwa, mtu mwingine akikagua kila kiungo kwa tochi na karatasi kavu. Pedeli ikizama taratibu, kuna uvujaji.

• Jaribio la kwanza limefanyika mahali tambarare, kwa mwendo mdogo, bila abiria. Baada ya siku chache za kutembea, viungo vyote vimekaguliwa tena.

Orodha hiyo haihitaji mashine ya mamilioni. Inahitaji nusu siku zaidi na gharama ndogo ukilinganisha na bei ya ekseli yenyewe. Mwenye gari ndiye mwenye uwezo wa kuilipia, kwa hiyo uamuzi uko mikononi mwake kabla haujafika kwa fundi. Unapopanga bei ya kubadilisha ekseli, panga na bei ya mabomba, hozi na mafuta mapya katika hesabu hiyo hiyo. Ukishindwa kuvilipia vyote, acha gari juu ya magogo hadi utakapoweza.